Umeondoa antivirusi iliyokuja na kompyuta, sasa mambo hayaendi: urekebishe kwa njia ipi?

Laptopu nyingi za Windows hutoka kiwandani zikiwa na programu ya ulinzi ya majaribio, mara nyingi McAfee au Norton. Muda wa majaribio ukiisha, vidirisha vya kudai malipo huanza kumwandama mwenye mashine, naye anafanya jambo la busara kabisa: anaiondoa. Kesho yake intaneti haifunguki, au kompyuta inajikokota, au Windows inalalamika kwamba haina ulinzi wowote na kitufe cha kuuwasha hakifanyi kazi. Akiipeleka kwa fundi, jibu la mafundi wengi ni moja: "Hii tupige Windows upya."

Kupiga Windows upya ni njia halali, ila iwe ya mwisho. Kuna njia nne nyingine, na kwa tatizo hili mahususi zile nyepesi ndizo zinazogusa chanzo. Kati ya hizo nne ipo moja ambayo watu huiona kuwa ya kati na kati, "Reset this PC", na mimi naiona ndiyo chaguo baya kuliko yote hapa. Sababu zake nitazieleza.

Kinachobaki ukishaiondoa

Programu ya kawaida ikiondolewa huacha labda folda tupu. Programu ya ulinzi ni jambo jingine. Ili ikague kila faili linalofunguliwa na kila kinachoingia kutoka mtandaoni, huweka draiva zake, yaani programu ndogo za mfumo, kwenye kiini cha Windows, chini ya programu zako zote. Dunia iliona uzito wa jambo hili tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike Falcon lilipoziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwenye skrini ya buluu, ile inayotokea Windows inaposimama ghafla. Hiyo ni programu ya makampuni, lakini antivirusi za nyumbani nazo zinakaa eneo hilo hilo la mfumo.

Sasa uondoaji ukikatika njiani, kwa mfano umeme umezimika, chaji imeisha, au mtu ameambiwa awashe upya na yeye akaendelea kufunika tu laptopu kila jioni bila kuizima, baadhi ya draiva hubaki. Ni mlinzi aliyeachishwa kazi akaondoka na funguo za geti. Programu yenyewe haipo, ila bado inaamua nani apite.

Dalili zinakuja kwa sura tatu. Ya kwanza ni Defender kutoamka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ina antivirusi yake kamili, ndiyo hiyo Defender. Inajiweka kando yenyewe antivirusi nyingine inapojiandikisha kwenye Windows Security, na inatakiwa irudi kazini nyingine inapoondoka. Usajili wa antivirusi ya zamani usipofutika, Defender inaendelea kukaa kando. Unaona ujumbe "Threat service has stopped. Restart it now", unabonyeza, hakuna kinachotokea. Ya pili ni mtandao: Wi-Fi imeshika, alama ipo, kurasa hazifunguki. Ya tatu ni uzito wa mashine au skrini ya buluu ya mara kwa mara.

Kabla ya kuchagua dawa, hakikisha mabaki yapo kweli. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague "Run as administrator". Kwenye dirisha jeusi, yaani dirisha la amri, andika fltmc kisha Enter. Itatoka orodha fupi ya majina ya draiva zinazosimamia mafaili. WdFilter ni ya Defender, hiyo iache. Majina yanayoanza na mfe ni ya McAfee, SymEFA na SRTSP ni ya Norton, yanayoanza na asw ni ya Avast, na klif ni ya Kaspersky. Ukikuta jina la antivirusi uliyokwisha kuiondoa, umempata mtuhumiwa. Orodha hii haioneshi kila kitu, kwa kuwa draiva za mtandao hazimo, lakini inakupa pa kuanzia bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando.

Njia tano zikiwekwa pamoja

| Njia | Inafaa kwa | Bando | Unachopoteza |
|---|---|---|---|
| Zana ya kuondolea ya mtengenezaji | Mabaki ya draiva, Defender isiyoamka | Dogo | Hakuna |
| Marekebisho ya mtandao kwa mkono | Intaneti pekee | Hakuna | Nywila za Wi-Fi, ukifika hatua ya mwisho |
| System Restore | Tatizo jipya, pointi ya kurudi ikiwepo | Hakuna | Programu ulizoweka baada ya pointi hiyo |
| Reset this PC | Windows iliyoharibika kwa sababu nyingine | Zaidi ya GB 4 ukichagua Cloud download | Programu zote, na data zilizofichika |
| Kupiga Windows upya kwa flashi | Mashine iliyoshindikana | Gigabaiti kadhaa | Kila kitu kwenye diski |

Zana ya mtengenezaji

Kila kampuni kubwa ya antivirusi inajua kwamba uondoaji wa kawaida hushindwa wakati mwingine, ndiyo maana hutoa programu ndogo ya kufagia mabaki. Ya McAfee inaitwa MCPR. Ya Norton ni Norton Remove and Reinstall, na hapa kuwa makini: usipofungua "Advanced Options" na kuchagua "Remove Only", itaiondoa kisha itairudisha. Avast wana Avast Uninstall Utility, Kaspersky wana kavremover, ESET wana ESET Uninstaller.

Nazipendelea kuliko njia nyingine yoyote kwa sababu zimeandikwa na watu wanaojua kila draiva iliwekwa wapi na kwa jina gani. Fundi anayepekua rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kwa mkono anakisia, wakati zana inafuata orodha. Mafaili yako haiyagusi. Kama mashine haina intaneti, ipakue kwa simu au kwa kompyuta ya jirani, uihamishe kwa flashi au waya wa simu. Ipakue kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, na uchukue toleo la siku hiyo badala ya lile lililolala kwenye flashi ya fundi tangu mwaka juzi. MCPR itakuomba uandike herufi zinazoonekana kwenye skrini, itafanya kazi kwa dakika kadhaa, kisha itataka kuwasha upya. Washa upya hapo hapo. Draiva za kiini haziwezi kung'olewa zikiwa kazini; kinachomalizia kazi ni huko kuwasha upya.

Chagua "Restart", usichague "Shut down". Kwenye laptopu nyingi Windows ina Fast Startup, hivyo ukizima kwa "Shut down" sehemu ya mfumo hulazwa tu na kuamshwa asubuhi ilivyokuwa. Watu wanaapa kwamba walizima na kuwasha, na ni kweli walifanya hivyo, ila kiini hakikuanza upya. Kasoro hii ndogo imewafanya wengi wadhani zana haikusaidia.

Udhaifu wa njia hii upo kwa zile zinazodai Safe Mode, yaani hali ambayo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, kama ya ESET na ya Avast. Safe Mode ina mitego miwili. Huko PIN ya kuingilia mara nyingi haikubali, kwa hiyo hakikisha unaikumbuka nywila halisi ya akaunti yako kabla hujaingia. Mtego wa pili ni mzito zaidi. Laptopu nyingi za sasa diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, bila mwenyewe kujua, na unapopitia menyu ya marekebisho kompyuta inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzishia mashine. Ingia humo kwa simu, uutafute, uuandike kwenye karatasi, ndipo uendelee. Kama laptopu ulinunua iliyotumika na akaunti ni ya mwenye mali wa kwanza, mpigie kabla hujabofya chochote.

Zana ikigoma, kuna mbinu ambayo wengi huiona kama kurudi utumwani lakini inafanya kazi: iweke tena antivirusi ile ile, washa upya, kisha iondoe kwa utulivu kupitia Settings, ukiwa na chaji ya kutosha. Usakinishaji mpya hujaza mapengo ya ule uliovunjika, na kiondoaji kinapata kila kitu mahali kinapokitarajia.

Intaneti ikiwa ndiyo tatizo pekee

Hapa marekebisho ya mkono yanashinda, kwa kuwa hayahitaji kupakua chochote, na kitu usichokuwa nacho ndicho intaneti yenyewe. Lakini usirukie amri zote kwa mkupuo. Andika kwanza ping 8.8.8.8 kwenye dirisha la amri. Majibu yakirudi, barabara ipo na shida iko kwenye majina ya tovuti au kwenye proksi, yaani mpatanishi ambaye kurasa zinapitia kwake. Yasiporudi, kuna kitu kimekaa juu ya kadi ya mtandao.

Kwa hali ya kwanza, fungua Settings, Network & internet, Proxy. Ukikuta proksi ya mkono imewashwa ikielekeza 127.0.0.1, ni antivirusi ilikuwa inapitisha kurasa zako kwake kuzikagua, na sasa kurasa zinapelekwa mahali pasipo na mtu. Izime. Kisha kwenye dirisha la amri andika ipconfig /flushdns. Angalia pia viendelezi vya kivinjari, maana kile cha antivirusi cha kukagua tovuti hubaki kwenye Chrome au Edge hata antivirusi yenyewe ikiondoka.

Kwa hali ya pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, ubofye Wi-Fi kwa kitufe cha kulia na ufungue Properties. Utaona orodha ya vitu vyenye alama ya vema: Client for Microsoft Networks, QoS Packet Scheduler, Internet Protocol Version 4 na vingine. Pitia kimoja kimoja. Ukikuta chenye jina la antivirusi, kwa mfano "Kaspersky Anti-Virus NDIS 6 Filter", hicho ndicho kinachosimamisha magari. Kichague, bonyeza Uninstall, washa upya. Vitu vya Windows vyenyewe usiviguse.

Hapo kusipofunguka, zipo amri za kurudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa mwanzo, netsh winsock reset na netsh int ip reset, kisha kuwasha upya. Mwisho kabisa ni kitufe cha "Network reset" kilicho chini ya Advanced network settings kwenye Windows 11. Hicho kinang'oa kadi zote za mtandao na kuziweka upya, na kinafuta nywila za Wi-Fi na mipangilio ya VPN. Ofisini ambako nywila anayo mtu mmoja aliye likizo, hilo si jambo dogo, kwa hiyo ziandike kwanza.

Amri moja inayotajwa kila mahali ni sfc /scannow. Haina madhara, ila hapa tusiitegemee. Inarudisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, basi. Draiva ya McAfee iliyobaki si faili la Windows, kwa hiyo sfc itakuambia kila kitu ni kizima na tatizo litabaki palepale. Vivyo hivyo ushauri wa zamani wa kwenda kwenye rejista kubadili DisableAntiSpyware ili kuamsha Defender: tangu Agosti 2020 Microsoft iliifanya Defender ipuuze thamani hiyo kwenye kompyuta za kawaida.

System Restore

Hii huirudisha Windows ilivyokuwa siku ya nyuma, kwenye pointi iliyohifadhiwa. Kwa ufupi: jaribu kama ipo, usiitumainie. Kwenye laptopu nyingi System Protection, inayohifadhi pointi hizo, haijawashwa, kwa hiyo hakuna pointi ya kurudi. Ikiwepo, itairudisha antivirusi, na wakati mwingine itairudisha nusu. Faida yake ni kwamba nyaraka na picha zako haizigusi, na kwamba ikifaulu unapata nafasi ya pili ya kuiondoa vizuri.

Kwa nini siipendi Reset hapa

"Reset this PC" ina sura ya huruma. Inakuuliza kama unataka kubaki na mafaili yako, unasema ndiyo, unahisi salama. Kwa shida nyingine za Windows naipendekeza bila kusita. Kwa shida hii ina kasoro mbili kubwa.

Kwanza, watengenezaji wa laptopu huweka nakala ya programu zao za kiwandani ndani ya sehemu ya urejeshaji. Reset mara nyingi huzirudisha pamoja na Windows. Unasubiri saa nzima au zaidi, mashine inawaka, na kwenye kona ya chini McAfee inakusalimu. Umepoteza programu zako zote na umerudi siku ya kwanza. Ndani ya hatua za Reset huwa kuna swali "Restore preinstalled apps?" kwenye baadhi ya mashine; likitokea, chagua No. Lisipotokea, huna la kufanya.

Pili, "Keep my files" ina maana finyu kuliko watu wanavyodhani. Inahifadhi Documents, Desktop, Pictures na folda kama hizo. Folda za AppData na ProgramData zinafutwa, na huko ndiko zinakokaa kumbukumbu za programu nyingi. Alamisho za Chrome zimo AppData. Mfumo wa mauzo wa duka unaotumia MySQL kwa kawaida huweka data zake chini ya ProgramData. Mwenye duka anayefanya Reset ili tu arudishe intaneti anaweza kuamka bila orodha ya wadeni wake. Kama duka au ofisi yako ina programu ya mahesabu, mtafute aliyeiweka, achukue nakala ya data, na aifungue nakala hiyo kwenye mashine nyingine kuthibitisha, kabla ya Reset yoyote.

Kupiga Windows upya

Kati ya Reset na usakinishaji mpya kwa flashi, nachukua flashi. Zote mbili zinakuondolea programu, lakini flashi iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft ina Windows tupu, bila mizigo ya kiwandani. Antivirusi ya majaribio hairudi. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo ndani yake kitafutwa.

Hofu ya leseni haina msingi kwa laptopu iliyotoka kiwandani na Windows. Tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa bidhaa umeandikwa ndani ya ubao mama, na Windows mpya ya toleo lile lile inausoma na kujiamilisha ikipata intaneti. Ukilipishwa pesa ya "activation" kwa laptopu ya namna hiyo, uliza unalipia nini. Na fundi akikuwekea Windows iliyovunjwa leseni badala ya kutumia ufunguo wako mwenyewe, amekuachia mashine yenye hatari kuliko ile uliyompelekea.

Taabu ya kweli ni draiva. Laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea hufika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na kuonesha orodha tupu, mtu akadhani diski imekufa. Diski ni nzima. Kinachokosekana ni draiva ya Intel RST, inayoiwezesha Windows kuiona diski, ambayo unaipakua mapema kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, unaifungua ndani ya flashi, kisha unabonyeza "Load driver". Baada ya hapo Windows 11 inadai intaneti ili iendelee, nayo kadi ya Wi-Fi haina draiva bado. Chomeka simu ya Android kwa waya na uwashe USB tethering, yaani kugawa intaneti ya simu kwa waya. Windows huitambua yenyewe. iPhone inahitaji draiva zake, kwa hiyo azima Android.

Uchague ipi

Mashine inawaka na inafanya kazi, ila Defender haiamki au ni nzito: zana ya mtengenezaji, na ikishindikana rudisha antivirusi ile ile uiondoe upya. Intaneti tu imekatika: marekebisho ya mkono kwanza, kisha zana. Skrini ya buluu inayokuja kabla hujaingia: Safe Mode na zana, ufunguo wa BitLocker ukiwa mkononi. Vyote vimegoma na nakala ya data unayo: flashi. Kompyuta ya ofisi ambayo antivirusi iliwekwa na idara ya TEHAMA ni habari tofauti. Hiyo usiifanyie lolote, warudishie wenyewe, maana pengine imefungwa kwa sera ambazo zana za nyumbani haziwezi kuzifungua.

Kazi ikiisha, fungua Windows Security, nenda Settings kisha "Manage providers". Panapohusu antivirusi panatakiwa pawe na jina moja tu, Microsoft Defender Antivirus, likiwa limewashwa. Rudi "Virus & threat protection", sasisha, ufanye "Quick scan". Kama bado uko Windows 10, masasisho ya kawaida ya mfumo wenyewe yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender orodha mpya za virusi humo hadi Oktoba 2028. Ukitaka antivirusi nyingine baada ya hapo, weka moja peke yake, na uiweke baada ya fltmc kuonesha kwamba ya zamani haipo tena.